Jogoo Asiye na Miguu

Jina la Msasa hakulipata kwa mama yake. Alipewa na wenzake wa banda la kutengenezea ndege, kwa kuwa rangi ikimwona tu inaanza kubanduka. Kazi yake ni kuzivua ndege kuukuu rangi na viraka vyote mpaka zirudi zilivyotoka kiwandani. Hapo Msasa hana mjadala: kilichoongezwa kinang'olewa.

Asubuhi hiyo alikuwa anakwangua bati linalofunika injini ya ndege ndogo, ambayo marehemu baba yake aliwahi kuitengeneza katika banda hilohilo. Chini ya rangi nyeupe ikatokea ya bluu, na chini ya bluu kikatokea kiraka cha aluminiamu, kimekaa sawasawa kwenye mviringo wa pua ya ndege hata akakionea huruma. Akakata riveti zilizokishikilia, akakigeuza.

Upande wa ndani palikuwa na jogoo asiye na miguu, amechorwa kwa ncha ya msumari.

Msasa akaketi sakafuni penye vumbi la rangi. Jogoo huyo alimjua vizuri. Mama yake alimchora hivyohivyo kwenye kila sufuria ya nyumbani, ili majirani wakiazima wasije wakajisahau. Sufuria kubwa kuliko zote ilipotea yeye akiwa mdogo, na lawama zote zikamwangukia shangazi, dada wa baba, aliyekuwa amekuja kuwatembelea. Mama alimwita mwizi mbele za watu. Shangazi akaondoka, na tangu hapo mawifi hao hawajasalimiana.

Kumbe baba alijua. Alihitaji aluminiamu yenye mviringo, akaikata sufuria ya mkewe, akanyamaza mpaka akaingia kaburini. Baba yule yule mcheshi, ambaye Msasa alimpenda kuliko watu wote. Msasa alitaka kumkasirikia akashindwa.

Alipotoka kazini alikiweka kiraka mezani, mbele ya mama yake.

"Mama, unakitambua hiki?"

Mama alimpapasa jogoo kwa kidole.

"Umekitoa wapi?"

"Kwenye ndege aliyokuwa anaitengeneza baba."

Mama alikigeuza kiraka, akakirudisha upande wa jogoo.

"Nilimpekua shangazi yako," mama akasema. "Nilimwaga nguo zake zote uani, watu wanatazama. Yeye anasema tu, wifi, si mimi. Na baba yako ndiye aliyemsaidia kuzikunja."

Mama alinyanyuka, akajitupia mtandio, akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kiti, na machozi yanamtoka bila kuyafuta.

"Kichukue hicho, twende kwake."

"Sasa hivi, mama?"

"Sasa hivi. Najua huwa unakwenda kwa siri, mwanangu. Tangulia wewe. Mimi hata mlango wake siujui."