Korido Isiyo na Mtu

Watu wengine huogopa korido tupu kwa sababu ya mizimu. Sisi tuliotoka vijiji vya upande wa Kalunguta tuna sababu yetu. Kwetu, asubuhi kabla ya kwenda shambani, unachungulia barabara kwanza. Ukiona wanawake na vikapu vyao mgongoni, unakwenda. Usipoona mtu, unarudi ndani: wenzako wamesikia jambo ambalo wewe hujalisikia. Siku moja baba na mama waliona barabara haina mtu, wakaenda hata hivyo, kwa sababu maharagwe yalikuwa yanaoza. Waasi waliwaua hukohuko.

Mimi mkubwa niliacha shule, nikaja mjini Butembo na mdogo wangu wa kike ili yeye asome.

Asubuhi ya mtihani wake wa mwisho alichelewa kidogo. Alikuta milango ya korido wazi, madarasa matupu, kimya. Wenzake walikuwa nyuma ya jengo, wameinamisha vichwa wakisali. Yeye hakujua. Alikimbia mpaka nyumbani, akaanza kukunja godoro.

"Yaya," aliniita, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "batu balishakimbia." Watu wamekwisha kukimbia.

Nilipochungulia nje nikaona sokoni watu wanauza kama kawaida, nilimkasirikia. Nilimvuta mkono mpaka shuleni. Mkuu wa shule, mtu aliyetumwa huku kutoka mkoa mwingine, alisema waliochelewa hawaingii. Kisha akauliza alikimbia nini. Nilimweleza. Akacheka, akawaita walimu wawili waje wasikie: binti mzima wa darasa la sita la sekondari anakimbia korido, siku akiona mbuzi itakuwaje?

Hasira yangu ikahama.

"Monsieur le Préfet," nilimwambia mkuu kwa cheo chake, "weye ulikuya huku na barua ya kazi. Siye tulikuya na mbio."

Walimu wale, wenyeji wa hapa, ndio walioacha kucheka kwanza. Yeye akafuata, nadhani kwa kuwa alibaki peke yake. Akasema mdogo wangu aingie, lakini muda uliopotea haurudishwi.

Chumba chake mdogo wangu cha mtihani kilikuwa cha mwisho. Wote walikuwa ndani wanaandika, korido tupu tena. Aligoma mwanzoni mwa korido. Nikatangulia, naye akanifuata akipapasa ukuta, mpaka akaketi.

Mkuu akaniamuru nitoke, wazazi na walezi hawakai mle. Nilimjibu kwamba nikitoka korido itabaki haina mtu, na mdogo wangu atakimbia tena. Akasema ataita polisi. Nikamwambia aite. Nilisimama palepale koridoni, mgongo ukutani, mpaka mdogo wangu alipotoka vidole vimejaa wino.