Mlango wa Nyuma

Mama alipofariki, nyumba ya barabara ya Suneka ilibaki mikononi mwangu. Baba alikuwa ametangulia, na wote wawili walizikwa Nyamira kwenye shamba la babu, kwa hiyo hapakuwa na kaburi la kumzuia mtu kununua. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimepangiwa kufundisha Machakos, na shule zingefunguliwa baada ya wiki tano; nyumba nilitaka kuiuza kabla ya kuondoka.

Mfanyabiashara mmoja wa mjini alishasema ataichukua nyumba wakati wowote, avunje kuta za ndani, aweke magunia ya pareto. Sikutaka. Siamini kwamba kuta zinakumbuka watu, lakini nilitaka ikae familia mle ndani. Sikuweza kueleza kwa nini, na hilo liliniudhi, maana nilikuwa kijana wa kudai sababu ya kila kitu.

Nilimwita fundi kutoka Tabaka, mzee aliyechonga mawe miaka mingi kabla ya kushika mwiko wa uashi. Aliniita Msomi.

"Msomi, tuanzie wapi?"

"Tuanzie na kile mnunuzi atakachokiona."

"Mvua haitamngoja huyo mnunuzi wako."

Alikuwa sahihi. Tulibadilisha mabati mawili yaliyoliwa na kutu juu ya chumba cha kulala, kisha tukaziba nyufa za sakafu ya sebule. Dari nilikataa, nani anaishi akitazama juu? Rangi ya buluu kwenye madirisha nilikataa pia, ingawa majirani wote walikuwa nayo, au labda kwa sababu hiyo. Kila jambo nililiuliza swali lilelile: litamfaa atakayeishi hapa, au litamdanganya tu siku ya kuja kutazama? Niliipenda sana njia yangu.

Ndipo tukafika kwenye mlango wa nyuma, uliotokea kwenye jiko la nje lililoezekwa nyasi. Mbao zake zilikuwa zimeliwa na mchwa. Matofali tulikuwa nayo.

"Ziba," nilisema. "Nyumba ya vyumba vitatu ina haja gani na milango miwili?"

Fundi aliweka mwiko chini. "Huo mlango una kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi yake."

"Ambayo wa mbele hauwezi?"

Alinitazama, akacheka kidogo. "Wewe bado hujaoa."

Kwangu hiyo haikuwa sababu. Aliuziba, akapiga lipu, akachukua mfuko wake wa vifaa akaenda zake.

Baada ya hapo nilibaki na ukuta mweupe na harufu ya chokaa. Nilikula mkate na chai ya rangi nikiwa nimesimama. Asubuhi mama muuza maziwa alipita barabarani akaita jina la mama yangu, kisha akanyamaza ghafla na kuongeza mwendo. Nilikuwa nimeshatoka na sufuria mkononi.

Jumapili walikuja mwalimu mmoja na mkewe, Wasabato kutoka upande wa Magwagwa. Mwalimu aligonga sakafu kwa kisigino, akatazama mabati, akaridhika. Mkewe alizunguka nyumba kwa nje, akarudi, akasimama mbele ya lipu mpya.

"Hapa palikuwa na mlango."

"Ndiyo, mama. Niliuziba."

"Kwa nini?"

Nikamweleza kuhusu mchwa, wezi, na nafasi ya kabati. Alinisikiliza kama mtu anayemsikiliza mtoto akisoma kwa sauti.

"Baba mkwe wangu akija kutusalimu, ataketi wapi?"

"Sebuleni."

"Naye akiwa ameketi sebuleni, mimi na sufuria yangu tupite wapi kwenda jikoni? Juu ya magoti yake?"

Mwalimu aliinama akajifanya anakagua sakafu tena.

Nilijua adabu hiyo. Kila Mgusii anaijua: mke wa mtu hapiti ovyo mbele ya baba mkwe. Hata hivyo niliwahi kumwona mama yangu, babu mzaa baba alipokuja, akitoka kwa nyuma na kuzunguka kwenye migomba hadi jikoni, nami nikadhani anamkimbia. Sikumuuliza. Nilihoji walimu, wahubiri na serikali, lakini yeye, aliyekuwa na jibu, sikumuuliza kitu.

"Nikiufungua mtaichukua?"

Mwalimu alimtazama mkewe.

"Afungue kwanza," alisema mkewe. "Mlango mbovu tutabadilisha wenyewe. Sitaki ukuta."

Fundi alikuwa Tabaka, nami sikuwa na uso wa kumwita. Jumatatu niliazima nyundo kwa jirani. Matofali yalikuwa bado hayajashika vizuri, lakini viganja vyangu havikujua kazi, na ilipofika saa sita vilikuwa vinatoka damu. Mwanga uliingia mpaka katikati ya sebule.

Walirudi Jumatano, wakakubali, tukaandikiana mkataba. Yule mama alipita kwenye tundu lile bila kunitazama, akainama, akaingia jikoni. Mumewe akamfuata. Nikawasikia wakizungumza Ekegusii, polepole, mahali pa kuweka unga wa wimbi, mahali pa kuni, kitanda cha mtoto kitakaa upande gani. Nilikaa sebuleni kwenye kiti kilichobaki, kama mgeni anayesubiri chai, mpaka nikatambua kwamba hawakuwa na haja nami tena. Niliacha funguo dirishani, nikatoka kwa mbele.