Nilikataa embryo yenye seli zimekufa, nikachagua ile safi

Wakuu, supa.

Mimi sio mtu wa kushtuliwa na kitu. Niliingia Kitengela na wheelbarrow ya kuazima, leo niko na hardware mbili na shamba Kisaju. Shule niliachia darasa la sita. Lakini nionyeshe ng'ombe kutoka nyuma, nitakwambia anatoa maziwa kiasi gani.

Hii ninawaambia ni ukweli, kwa sababu kama ningekuwa natunga, ningeshinda.

Niko na ng'ombe anaitwa Malkia. Maziwa yake ndio yalijenga hardware ya kwanza. Amezeeka, amezaa madume tu, na tumbo lake haliwezi kubeba tena. Nilitaka jike mmoja wa damu yake. Mmoja tu.

Daktari Nafula, huyu mama wa mifugo, akasema kuna njia. Malkia anadungwa sindano atoe mayai mengi, anapandishwa kwa AI, ile mbegu ya mrija bila dume, alafu baada ya wiki moja embryo, yaani mimba changa kabisa, zinatolewa zinawekewa ng'ombe wengine wabebe. Akanionya kwa umri wake hiyo ni mara moja na mwisho.

Nikaandaa ng'ombe wangu mmoja. Mwingine nikakodi kwa jirani, Mama Naserian, tunapakana ua.

Siku ikafika. Zikapatikana mbili tu. Daktari akaniita niangalie kwa microscope.

Ya kwanza ilikuwa mafundo mafundo, na vidoa vyeusi pembeni. Ya pili mviringo, laini, inang'aa kama bearing imetoka kwa box.

Nikauliza hizo doa ni nini.

"Seli zimekufa, mzee. Seli ikiharibika inajiua yenyewe ndio zingine ziendelee kujenga ndama. Imepangwa hivyo. Zikifa nyingi sana, embryo yote inaenda, lakini hizi ni chache."

Nikamwambia nimeandika mafundi miaka mingi na sijaona mmoja akijifuta kazi kwa faida ya wenzake.

"Na hii safi?"

"Hiyo ni yai halikushika mbegu. Hakuna seli imekufa kwa sababu hakuna kazi imeanza."

Hapo akili ya soko ikaamka. Nyinyi mnaonunua mifugo mnajua: broker akikusukuma uachane na mnyama fulani, huyo ndiye amewekea mteja mwingine. Nikasema ile safi iwekwe kwa ng'ombe wangu. Daktari akasema pesa ni yangu, ila nikumbuke alisema.

Ile ya madoa nikampatia Mama Naserian. Nikatemea kiganja kwanza, vile wazee wa kwao hufanya, nikampa mkono mbele ya wafanyakazi wote: ng'ombe wako akizaa chochote, ni chako.

Baada ya wiki kadhaa ng'ombe wangu akaanza kupanda wenzake, kama anayetafuta dume. Nikasema ni furaha ya mimba. Daktari akaja kupima, akatoa mkono, akasema tumbo ni tupu.

Wa Mama Naserian alikuwa ameshika.

Kutoka hapo kila asubuhi nilikuwa nasimama kwa ua kama mtu anangoja basi. Mama Naserian ananisalimia vizuri, alafu anaongeza, "Baba Brayo, takataka yako inakula vizuri."

Akazaliwa jike. Uso wa Malkia kabisa, na ile alama nyeupe kwa paji. Malkia alisimama upande wetu akimwangalia. Mimi pia.

Nikabeba sukari na blanketi, nikaenda kuongea kama jirani. Mama Naserian akapokea sukari, akapokea blanketi, akaniuliza, "Huyu ako na doa kwa uso. Si wewe hutaki zenye doa?"

Mkono nilitoa mwenyewe.

Nilichojifunza: ndani ya kiumbe kichanga, kufa kidogo ni sehemu ya kujengwa. Ukikuta mahali hakuna kitu kimekufa, uliza kwanza kama kuna kitu kinaishi.

Wale mmefanya hii kitu huko Kimuka ama Entarara, semeni hapa chini kama na nyinyi mlionyeshwa microscope. Wa kucheka, chekeni, Malkia mdogo sasa amelala kwangu.

Mtataka kujua bei. Mama alianzia laki tatu na hakuwa na haraka. Tukashushana. Ukiweka kila kitu, ndama mwenyewe, kukodi, daktari, sukari na blanketi: shilingi 214,350.