Paluku, Niliyemwita Musaliti

Mwanangu, kwanza hiyo telefone iweke kifudifudi pale dirishani. Sisemi unanirekodi. Nasema iweke tu. Haya. Siku niliyomuharibia Paluku maisha naikumbuka vizuri kuliko siku ya ndoa yangu, na kwenye ndoa ile Paluku mwenyewe ndiye alikuwa mushahidi wangu.

Wewe unanijua kama muzee wa chama, yule wa kusema ujamaa kwenye redio, kila mutu apate haki ya jasho lake. Lakini siasa mimi nilianzia chini ya gunia. Nilikuwa mubebaji kwenye depo moja ya kahawa hapa Goma (jina lake usiniulize, kuta zina masikio), na wenzangu wakanichagua kuwa delege, musemaji wao kwenye sindika, ule umoja wetu wa wabebaji. Nilikuwa kijana mwenye mudomo mukali, na tayari simuamini hata kivuli changu.

Shida yetu ilikuwa uzito. Patroni, mwenye depo, alileta magunia makubwa kuliko ya zamani, na mwenzetu mumoja akavunjika mugongo, akabaki kulala tu nyumbani kwake Murara. Tulitaka gunia la zamani lirudi, basi. Mara mbili tulipanga greve, tugome, tusimame mulangoni na muzigo usiingie. Mara mbili tulikuta asubuhi malori yamekwisha kuleta wabebaji wengine kutoka Munigi. Ala! Nani alimwambia patroni? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikaanza kuwachungulia wenzangu mumoja mumoja. Huyu anacheka na karani kwa nini? Yule viatu vipya katoa wapi? Na Paluku, ambaye tulikula sahani moja, nilimuona mara mbili akinywa chai na karani huyo wa patroni.

Mara ya tatu nikatega mutego. Tarehe ya greve nilimwambia Paluku peke yake, siku kadhaa mbele. Wengine niliwaambia jioni ya mwisho tu, wakati wa kutoka, pamoja na amri yangu ya kila greve: kila mutu achukue ngata yake, kile kitambaa cha kuviringisha kichwani chini ya gunia. Siku za kawaida tuliziacha zimetundikwa kwenye misumari ya ukuta wa depo. Lakini kwenye ugomvi mumoja wa zamani patroni alizichoma moto zote, kwa hiyo sikutaka kumuachia tena hata moja. Asubuhi yake, malori yale yale. Nikasema moyoni, leo nimekukamata.

Nilimusimamisha Paluku mbele ya mukutano. Sikumuuliza kitu, nilimuhukumu tu. Alinitazama, akasema, "Ndugu yangu, si una kinywa? Mbona hukuniuliza?"

Nikajibu, "Nyoka haulizwi."

Watu wakapiga kelele, wakamutoa. Neno musaliti likamutangulia kila alikokwenda, hakuna depo iliyomupokea. Akachukua muke na watoto, akarudi kwao Butembo.

Haikupita wiki, Mama Faida, aliyetuuzia maharagi mbele ya depo, akaniita pembeni.

"We delege, unajua kwamba siku za greve yenu mimi huwa sipiki?"

Nikamuuliza haraka, "Nani alikuwa anakuambia?"

"Wewe mwenyewe! Jioni munatoka wote na ngata kwapani kama watu wanaohama. Patroni naye ana macho. Anaangalia ukuta mutupu, anatuma malori. Na wewe umefukuza mutoto wa watu. Haya sasa, utasema nini?"

Mwanangu, nilitaka kujua kama ni kweli. Tulipanga greve ya nne, nikaamuru ngata zibaki ukutani. Asubuhi malori hayakuja, na siku ya tatu gunia la zamani likarudi. Wenzangu wakanibeba juu juu: "Mumeona? Musaliti katoka, tumeshinda!" Na mimi nikanyamaza. Aibu yangu iko hapo, kuliko hata kwenye mutego. Kwa sifa ile ya kukamata nyoka nilipanda, nikawa mukubwa wa sindika, kisha tukaanzisha chama cha wafanyakazi, nikawa prezida. Kila mara nilitafuta nyoka mwingine, maana watu walizoea nimupate. Nilimufukuza katibu, nikawafukuza vijana wote wa Kyeshero. Mwisho tukawa tunaimba wimbo wa chama watu sita, na kati ya hao wawili nilikuwa nawashuku.

Majuto ni mujukuu, kweli. Nilikuwa nimekwisha kuota mvi nilipopanda gari mpaka Butembo, nikamueleza Paluku yote.  Halafu akasema, "Ile chai na karani, nilikuwa namuombea kazi ya kukaa yule mwenzetu aliyevunjika mugongo." Basi. 

Muke wake akaleta bugali na samaki, akaniwekea. Mwanangu, mukono wangu ukasimama hewani. Nilimuharibia mutu huyu maisha, na sasa chakula chake nakiogopa! Paluku aliona. Alimega tonge kwenye sahani yangu, akalichovya, akala, akameza. Kisha akanisogezea sahani. "Kula sasa, ndugu." Nililia mbele ya muke wake kama mutoto.

Sikukatazi kushuku. Katika muji huu asiyeshuku hazeeki. Lakini kabla hujamusimamisha mwenzako mbele ya watu, kaa naye wawili, muulize, na umusikilize mpaka amalize. Na ukigundua ulikosa, rudi mbele ya watu wale wale useme nimekosa, siku hiyo hiyo, hata kama ukimya unakupandisha cheo. Usingoje mvi.

Mungu akukinge na adui wa kweli, na akukinge na wale uliowatunga mwenyewe. Ule kwa watu bila kuogopa, na watu pia waje kula kwako bila kuogopa. Amina.