Sindano na Injini ya Mama Mbali

Uwanja ule wa magereji ulikuwa na mafundi kumi na mmoja wanaume, na mwanamke mmoja. Mwanamke huyo alishona viti vya magari chini ya kipande cha mabati, jirani na pipa la oili chafu, na hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Walimwita Sindano. Yeye hakukasirika. Alisema sindano ni ndogo, lakini hakuna aliyewahi kuikalia mara mbili.

Alimaliza darasa la saba, na safari yake ya shule ikaishia hapo. Shangazi yake akamweka kwenye cherehani. Kiti cha kwanza alichoshona kilifumuka ndani ya wiki moja, akakifuata kwa mwenyewe, akakifumua chote mbele yake na kukishona upya bila kuombwa. Tangu siku hiyo hakushona bila kuhesabu. Midomo yake ilikuwa ikichezacheza kutwa nzima, na wageni walidhani anasali.

Baada ya miaka sita ya kuhesabu mishono alipata gari kuukuu la viti saba. Asubuhi alipeleka watoto shuleni, binti yake akiwa mmoja wao, alasiri akawarudisha, na katikati akashona. Gari hilo ndilo lililowalisha yeye, binti, na mama yake mzazi. Likaja kufia mlimani siku ya kufunga shule kwa likizo fupi, moshi mweupe ukitoka mbele na watoto wanne nyuma wakishangilia kama wako harusini.

Mwalimu mkuu hakushangilia.

"Mama, shule inafunguliwa Jumatatu," alimwambia. "Jumapili saa kumi nataka kuliona gari hapa, limewaka. Nisipoliona, watoto nawapa dereva mwingine. Usinielewe vibaya."

"Nimekuelewa vizuri," alisema Sindano. "Utaliona."

Kazi akampa fundi mkuu wa uwanja, ambaye walimwita Profesa kwa kuwa alieleza gari vizuri kuliko alivyolitengeneza. Pale uwanjani injini ya mtumba ilichaguliwa kama tikiti maji. Unaigonga, unaitazama kifuniko cha juu, ukiona kinafanana na cha zamani unaibeba. Profesa akagonga, akatazama, akabeba.

"Pacha wake huyu!" alitangaza.

Walipoishusha kwa mnyororo, pacha akagoma. Mguu wake wa kushoto ulipishana na tundu la bolti kwenye gari kwa upana wa kiganja. Soketi za waya zilikuwa na sura nyingine, na zaidi ya hayo, muuzaji alizikata waya kwa koleo alipoing'oa.

Profesa alijikuna kisogo. "Ni ndugu, siwezi kusema uongo. Ila ni baba mmoja, mama mbali."

Sasa, uwanja ule ulikuwa na desturi yake: injini mpya ikiingia, ya zamani huondoka siku hiyo hiyo. Mnunuzi wa vyuma chakavu akafika na mkokoteni wake, akaikuta injini ya Sindano imewekewa ubao, na juu ya ubao ameketi mwenyewe, anashona.

"Dada, inuka. Hiyo ni maiti."

"Ni maiti yangu. Nitaizika siku nitakayoiona nyingine inapumua."

"Hee! Mwenzenu ameolewa na chuma!" akawapigia kelele mafundi, nao wakacheka mpaka mmoja akaangusha spana. Sindano alikata uzi kwa meno, akaanza mshono mwingine. Mkokoteni ukaondoka mtupu.

Ukaidi ule ukaanza kulipa kesho yake. Mguu wa injini ulichomelewa upya. Waya, sensa na mabomba ya hewa vikavuliwa kutoka injini ya zamani na kuvishwa mpya. "Mvueni marehemu, mvisheni bwana harusi," Profesa akawa anaimba. Ijumaa jioni akazungusha ufunguo. Stata ikazunguka vizuri. Injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikanyamaza. Akabadilisha plagi. Ikakohoa. Akasafisha njia ya petroli. Ikapiga chafya.

Jumamosi mchana akajifuta mikono kwa tambara.

"Sindano, nikuambie ukweli. Kompyuta ya gari haimtambui mgeni huyu. Uza gari vipande vipande. Mimi nimefika mwisho."

"Umefika mwisho wako, Profesa. Wangu bado." Akavuta ndoo, akaketi. "Hebu nieleze. Hiyo kompyuta inajuaje injini imezunguka hadi wapi?"

Kueleza ndiko alikokupenda Profesa, hata akiwa amekasirika. Akamwonyesha: nyuma ya puli kubwa ya mbele kuna kigurudumu chenye meno. Sensa inayahesabu yakipita. Pana pengo mahali pamoja, na kila pengo linapopita, kompyuta inajua mzunguko umeanza upya, ndipo inapotoa cheche kwa wakati wake.

"Mmeyahesabu?"

"Nini?"

"Hayo meno. Ya hii na ya ile."

"Mama, nani anahesabu meno ya injini? Kifuniko si kile kile!"

"Sikuuliza kifuniko. Fungua puli zote mbili."

"Sindano, rudi kwenye viti vyako!" fundi mmoja akapayuka kutoka chini ya lori.

"Viti vyangu vinakaliwa," alijibu bila kugeuka. "Hii injini yenu ndiyo hailiki hailaliki."

Profesa akafungua, kwa kununa. Sindano akapiga magoti kwenye oili, chaki mkononi, akitia alama jino la kwanza ili asilirudie, midomo ikichezacheza. Injini ya zamani: meno thelathini na manne, na pengo. Injini mpya: meno kumi na mawili. Akahesabu tena, kwa sauti, ili wote wasikie.

Fundi wa chini ya lori akatoka, akaja kuchungulia.

"Kompyuta inangoja thelathini na manne," alisema, "nyinyi mnaipa kumi na mawili. Hata mimi ningekohoa."

Kigurudumu cha marehemu kikang'olewa, na hapo undugu wa baba ukaonekana: kilikaa kwenye injini mpya bila kusukumwa. Kufunga vyote tena kulikula Jumapili asubuhi nzima. Saa tisa alasiri ufunguo ukazungushwa, injini ikashika mara moja, ikatulia, ikanguruma. Profesa alivua kofia. Halafu akajaribu kufunga boneti, ikagoma. Mabomba ya zamani juu ya injini mpya yalikuwa yamepanda kwa vidole viwili.

"Ingoje kesho niigonge ipande," alisihi. "Utapita barabarani uchi hivyo?"

"Aliye uchi akitembea anamshinda aliyevaa amelala. Toeni boneti, muigonge usiku huu."

Gari lilipofika, mwalimu mkuu alikuwa kwenye geti la shule akitazama saa. Akalizunguka gari, akachungulia injini iliyo wazi.

"Boneti iko wapi?"

"Inanyooshwa. Kabla sijabeba mtoto yeyote itakuwa imefungwa, na binti yangu ndiye wa kwanza kupanda. Watoto wanakaa kwenye viti, Mwalimu, na viti nimevishona mimi."

Mwalimu akaingia mbele, akapakata mkoba. "Zima."

Akazima.

"Washa."

Ikawaka.

"Zima. Washa."

Ikawaka. Mwalimu akainua kidole kwa mara ya tatu.

"Sizimi," alisema Sindano. "Hata mtu, ukimwamsha mara tatu bila sababu, atakutukana. Ukitaka kuijua, nielekeze mlima ulipo nikupandishe."

Mwalimu mkuu akafungua mkoba, akatoa karatasi yenye majina ya watoto, akaiweka juu ya dashibodi.

"Kuna wawili wapya," alisema. "Wanakaa kule juu, mwisho wa mlima."

"Funga mlango vizuri, Mwalimu," Sindano akamwambia, akaingiza gia. "Twende tukawaone."