Lusia na Mteremko Usiochanua

Wageni wanaopanda huku na magari yao makubwa huiita hifadhi yetu bustani ya Mungu. Hushuka, hupiga picha, hutetemeka, hurudi garini. Mimi nimezaliwa hapa juu ya Isyonje, shamba langu la viazi mviringo linagusa kabisa jiwe la mpaka, na ninasema kama Mungu ana bustani huku, basi mwezi wa saba huwa anahama, maana baridi yake hata ng'ombe wanailalamikia.

Kwa maua, hata hivyo, sibishani nao. Mvua za kwanza zikigusa majivu ya moto wa kiangazi hutoka vidogo vya njano, vimelala chini kabisa. Karibu na Krismasi huja vya zambarau. Februari na Machi hujui ukanyage wapi: meupe, ya waridi, yenye madoadoa, na yale mekundu marefu ya kwenye majimaji. Halafu mwezi wa sita barafu ya asubuhi huyachoma, zikabaki nyasi tupu.

Aliyenifundisha kuyatazama ni jirani yangu Lusia. Mjane, mkali, mwimbaji wa sauti ya tatu kanisani, na ole wako ukose mazoezi ya kwaya. Alikuwa na mteremko wake, mali ya mama yake kabla mpaka wa hifadhi haujawekwa, na hata baada ya kuwekwa aliendelea kuuita wangu. Kila maua ya waridi yalipoanza kunyauka, aliingia kimyakimya na kijiti kilichochongwa akachimba.

Chini ya ua lile kuna viazi viwili. Kimoja kigumu, cheupe, kimejaa. Kingine kimesinyaa, cheusi, laini kama titi la bibi. Watu wa Zambia wanakipenda kile kigumu, wanakitwanga na karanga wanapika chikanda, na wachuuzi wa Tunduma hukifuata mpaka huku. Vijana wengi hung'oa vyote viwili, wanatupa kilichosinyaa. Lusia aliwaita wauaji. Yeye, kama alivyofundishwa na mama yake Mnyakyusa, alichukua kigumu tu, akasema hicho ndicho mtoto. Kilichosinyaa ndicho mama. Alimrudisha mama shimoni, akamfunika, akaweka kokoto nyeupe juu, akasema, "Ndaga, mama. Utazaa tena." Yaani anamshukuru. Nimemwona kwa macho yangu, na niseme ukweli, nilikuwa napenda kumwona.

Ambokile, mtoto wa kaka wa marehemu mume wake, alijifunza kwake. Alikuwa mtu mpole, mwenye mke, Joyness, na watoto wadogo. Hakuingia mteremko wa Lusia. Alichimba upande wa pili wa korongo, humohumo hifadhini, kwa namna ileile, na kokoto juu.

Kisha maua ya mteremko wa Lusia yakaanza kupungua. Kwanza akasema ni mvua. Mwaka uliofuata akasema ni ng'ombe wa watu. Ulipofika mwaka ambao yalichanua mashada machache tu kwenye kona, kama nywele za mtoto mwenye mba, Lusia aliacha kula vizuri. Mteremko ule ndio uliokuwa umebaki wa mama yake; kaburi lenyewe lilikwishapitiwa na barabara. Alitaka kujua nani ameuua.

Akamwona Ambokile anavuka korongo na gunia.

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama mbele ya watu wote. "Anayemaliza maua ya mama yangu ni huyu. Mtoto wangu mwenyewe."

Ambokile alivua kofia. "Mama mdogo, mteremko wako sijaugusa. Haki ya Mungu. Mimi nachimba kule, na mama namrudisha."

"Ungekuwa unamrudisha, maua yangekuwepo!"

Basi. Ambokile alikwisha kujitaja mwenyewe, na kuchimba hifadhini ni kosa. Askari wa hifadhi walikuja asubuhi wakamkuta na gunia nyumbani, na kazi yao ni hiyo, siwalaumu. Ambokile alipelekwa mahakamani Mbeya, akafungwa. Joyness akaanza kushuka soko la Mwanjelwa kuuza viazi mviringo, mtoto mgongoni. Lusia hakumsalimia, wala Joyness hakuhitaji salamu yake.

Lusia hakuchimba tena. Alikuwa anaulinda mteremko. Alikaa juu ya jiwe na blanketi lake akingoja mvua zioneshe kwamba mwizi ameondoka. Mvua zilikuja, nzuri tu. Vidogo vya njano vikatoka. Februari ikaingia, uwanda wote ukachanua hadi kwenye kingo za barabara. Mteremko wa Lusia ukatoa majani tu.

Wakati huo alikuwa na mpangaji, Frida, binti aliyekuja kusomea maua ya hifadhi. Jioni moja Lusia alimpeleka akaone wizi ule. Nami nilikwenda, maana sipendi kusimuliwa.

Frida aliangalia kokoto nyeupe, zimejaa mteremko mzima. "Hizi ni za nini, bibi?"

Lusia akamweleza, kwa fahari, habari za mama na mtoto. Binti yule akapiga magoti, akaondoa kokoto moja, akachimba kwa vidole. Hakuna kitu. Akaondoa nyingine. Ute mweusi kidogo, unanuka. Nyingine. Hakuna.

"Bibi, huyu unayemwita mama amekwisha. Ametoa chakula chote kikaenda kwenye shina na ua, ndiyo maana amesinyaa. Ukimrudisha anaoza. Kile kigumu ndicho cha kuota mwaka unaofuata."

"Mtoto?"

"Ndiyo. Anayebaki ni mtoto."

Lusia alichukua kijiti chake akachimba mwenyewe, kokoto baada ya kokoto, mpaka kucha zikatoka damu. Nilimshika mkono akanisukuma. Alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, hata siku aliyozikwa mumewe. Niliogopa, na nilikasirika pia, sijui nimkasirikie nani: yeye, au mama yake aliyemfundisha kwa upendo wote ule.

Kesho yake alikwenda kwa Joyness. Alimkuta anafunga magunia. Alisema yote, amesimama mlangoni. "Ambokile hakuugusa mteremko wangu. Ni mimi."

Joyness hakuacha kukaza kamba. "Hilo alikwambia mbele ya watu, mama mdogo."

"Nisamehe."

"Mimi sikuwa na neno na maua. Nenda kamwambie mwenyewe."

Tulikwenda gerezani Jumapili, mimi na yeye, tumebeba sabuni na sukari. Njiani aliyapanga maneno yake kama mtu anayejiandaa kusali hadharani. Alitaka kutubu, arudi amepumua. Nilimwelewa. Nani hataki kupumua?

Ambokile alikuja nyuma ya wavu amekonda, lakini aliposema "Shikamoo mama mdogo" uso ulikuwa uleule. Kabla Lusia hajafungua mdomo akauliza kama mvua zimekuwa nzuri. Nikasema nzuri sana.

"Najua Joyness anahangaika," akasema. "Lakini mimi humu ndani nina amani. Kila asubuhi najiambia, waniite mwizi, sawa, sheria ni sheria. Ila sijaua ua hata moja. Kila mama nilimrudisha. Nikitoka nitayakuta."

Nilimkanyaga Lusia mguu. Nilimkanyaga kwa nguvu. Lakini alikuwa amekuja na neno lake na hakuweza kulimeza tena. Akamwambia kwamba alimsingizia. Kisha akamwambia habari za kiazi, ile ya Frida yote, mpaka ute mweusi.

Ambokile alisikiliza ameshika wavu. Habari ya kusingiziwa aliipungia mkono tu, kama kitu cha zamani.

"Na maua ya upande wangu?"

"Ni vilevile, baba."

"Halikubaki hata moja?"

"Hata moja."

Askari akasema muda umekwisha. Ambokile hakusogea mara moja. Alimwangalia mama yake mdogo, mwanamke aliyemfundisha kushika kijiti, na hakuwa na hasira hata kidogo, afadhali angekuwa nayo.

"Hilo ungeniachia, mama mdogo," akasema. "Nilikuwa na hilo tu."