Chupa ya Mgeni

Ilikuwa mwaka tisini na nne. Hapana, nasema uongo, ni tisini na sita, maana machimbo ya kokoto yalikuwa yameshageuza chemchemi yetu ya Kirua kuwa uji. Shemeji yangu Leonia, mtunza chemchemi, alishuka Moshi mara sita kulalamika, wajukuu wake wakiumwa matumbo, mpaka serikali ikatuletea mtaalamu wa kupima maji, mwenye viatu vya kung'aa.

"Shikamoo mama. Nijazie chupa hii."

Njia ya chemchemini ina tope, na viatu vile vilistahili heshima. Akasubiri barazani. Leonia akamjazia maji ya mtungini, aliyoyatuliza siku mbili na kuyachuja kwa kanga mpya.

Barua ikaja: maji ni safi kabisa, machimbo yapanuliwe. Tulipongezwa sana.

"Leonia," nikamuuliza, "ulisahau kwamba anakuja kupima?"

"Sikusahau, shemeji. Lakini mgeni nimpe tope, atatuonaje?"

Nikashuka mwenyewe mpaka ofisini kwao. Wakanipa kiti, wakanipa na chai, ya maji safi. Nikawauliza: sasa chemchemi yenyewe mtaipima lini?